Debe Lako Bado Liko Mstari wa Mbele

Mke wangu mzee,

Tangu ufe nimetafuta mtu wa kunizidi akili, kuanzia Lagangabilili mpaka kwenu Nassa, sijampata. Na nimetafuta kwa haki, sikujipendelea hata kidogo. Mimi ndiye mwanamume pekee hapa Bariadi anayeweza kupatanisha mke na mume, fisi na mbuzi, Mtaturu na polisi, na chai yake ikawa bado ya moto. Nikikosekana mtaani siku moja, hata mvua inasita. Juzi mama mmoja wa kule kwenye vyumba vya mstari alisema, "Huyu Sayi akioa tutakufa wote, nani atatusemea?" Nikamwambia asiogope, mimi nimeshafiwa na mke, sina haraka.

Walicheka. Wewe ungecheka kuwazidi, halafu ungesema, "Mume wangu, domo hilo ungelilima lingetoa pamba ya daraja la kwanza."

Nakuandikia nikiwa Kasoli. Nimekaa juu ya mafurushi ya pamba kwenye banda la mnunuzi binafsi, nasubiri lori ambalo tangu asubuhi wanasema limeshafika darajani. Mimi ndiye mpimaji. Ukiniona na mzani wangu utadhani nilizaliwa nao. Zamani pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha ushirika, unapeleka, unapewa karatasi, unarudi nyumbani kungoja. Sasa ni ruksa, mabanda yameota kama uyoga, kila banda na mzani wake na mwongo wake wa kuita wateja. Banda letu limebana matumizi, mpimaji na mwongo ni mtu mmoja.

Lakini saa hii wakulima wamelala juu ya mizigo yao, jua linawaka, hakuna wa kumdanganya. Ndiyo nikachukua kalamu. Nimechoka, mke wangu. Hilo sijamwambia mtu, kwa sababu kule mtaani wanaamini mimi sichoki, na ni mimi niliyewaambia.

Unakumbuka ulivyonioa? Nilikuwa na kamasi mpaka kidevuni. Ulikuja na lori la samaki kutoka Nassa, debe la dagaa kichwani, ukachukua chumba cha mwisho kule uani kwetu, karibu na choo, chumba ambacho kila mpangaji alikikataa. Baba akakwambia yeye ni Ngussa na kodi inatangulia. Mimi nikasimama mlangoni nikakuuliza kwa nini dagaa wako wananitazama. Ukaweka debe chini, ukanikagua juu mpaka chini kama unanunua ndama. "Huyu ndiye mume niliyekuwa namtafuta Nassa yote," ukasema, "mwenye maswali ya kijinga." Ukanipa dagaa kiganjani. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulikuita mke wangu, na nilipokuwa nikichapwa shuleni walikuja kukuambia wewe kwanza, ndipo mama.

Darasa la saba nilimaliza, nisidanganye. Nilimaliza kwa heshima ya mwalimu, alikuwa amechoka kuniona. Lakini kusema nilisomea kwako, kwenye ngazi ya chumba cha mwisho, tunachambua dagaa na kuchambua watu.

Vijana wa siku hizi pale mtaani wanadhani mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo. Ninawasimulia, hawaamini. Mtaa wetu nyuma ya kiwanda cha pamba ulikuwa na chama chake cha kuzikana na cha kazi za mtaa. Masufuria makubwa, turubai, majembe, vyote vya chama. Watu wa halmashauri wakitaka kusema na mtaa walisema na chama. Na utaratibu wake ulikuwa wa vijijini kwetu, wazee walihama nao kuja mjini: anayehesabiwa ni mwenye kaya. Mwenye kaya anakuja mkutanoni na kigoda chake, anakaa mbele, anasema. Mkewe, watoto, wachungaji wake wanakaa chini nyuma ya kigoda, mwenye neno anamnong'oneza. Kijijini halikuwa jambo. Kila mtu alikuwa na kigoda cha kukaa nyuma yake.

Mjini ndipo palipokuwa na kazi. Biashara ilipofunguliwa kila mwenye kiwanja akajenga vyumba vya mstari, na vyumba vikajaa. Wapagazi wa pamba kutoka Kigoma, mama wa Kinyiramba na vitunguu vyake, Wachaga wa vipuri vya baiskeli, fundi Rashidi na cherehani yake kutoka Tabora, yule Mtaturu aliyeleta ng'ombe mnadani akabaki na fimbo tu. Na wewe Mjita wangu wa Nassa. Wote hao chama kiliwahesabu kwa namna moja: ni watoto wa mwenye nyumba.

Haikuwa dharau. Wazee hawakuwa na mahali pengine pa kuwaweka. Baba yangu alipokuwa bado anatongoza wasichana, wewe ulikuwa tayari na mvi, lakini kwenye chama ulikuwa binti yake wa chumba cha mwisho.

Ukalivumilia hilo mpaka alipokufa yule kijana wa Kigoma, mpagazi, aliyekuwa akiimba akibeba. Chama hakikukataa kuzika. Kilisema kinamsubiri baba yake aje aseme. Baba yake maana yake mwenye nyumba, ambaye alikuwa Mwanza anatafuta mabati. Kijana wa watu akalala chumbani mpaka kesho yake jua likiwa juu, wenzake wamekaa nje mikono mitupu, majembe yapo kwa mwenyekiti, Mzee Maduhu, na hakuna mwenye kauli ya kuyaomba. Uliomba ubani kwa fundi Rashidi, ukaufukiza pale mlangoni, ukarudi ukakaa kwenye ngazi. Hukunitania. Nikajua mambo ni mazito. Jioni ndipo uliposema.

"Mume wangu, mimi nikifa nisizikwe kama mtoto wa Ngussa. Nitaamka. Na nikiamka nitaanza na wewe."

Halafu ukaja ule mkutano wa bomba. Halmashauri walikuwa wanatuletea bomba moja la maji, chama kiseme likae wapi, na vigoda vilikuwa vimeshakubaliana likae getini kwa Mzee Maduhu, ambaye uani kwake kuna kisima. Wewe ukaja na debe lako. Ukalipindua mstari wa mbele, kati ya kigoda cha baba na cha Maduhu, ukalikalia. Harufu ya dagaa ikawapitia wazee wote mmoja mmoja.

"Mayu," Mzee Maduhu akasema kwa adabu, akikuita mama, "hapo ni pa wenye kaya."

"Napaona. Pana kivuli kizuri."

"Watoto wanakaa nyuma ya baba zao, mayu. Ndiyo utaratibu."

"Na mimi baba yangu ni nani hapa? Nimezeeka, nasahau."

Maduhu akawatazama wenzake, akasema kwa sauti ndogo, "Ngussa."

Ukashuka kwenye debe. Ukapiga magoti mbele ya baba yangu kama binti wa Kisukuma aliyelelewa vizuri, ukainamisha kichwa chenye mvi, ukamsalimu. "Mwadila, baba. Viatu vyangu vimetoboka."

Bomba liliahirishwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema tena bila kucheka. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama miguu yako.

Maskini baba. Ulimwonea wiki nzima. Asubuhi ulinituma: "Mwambie baba mtoto wake wa chumba cha mwisho ana homa, anataka uji." Ulimwomba ruhusa kwenda gulioni. Ulimuuliza mbele ya wageni lini atakutafutia mchumba, na kama ng'ombe watapokelewa Nassa au hapa hapa. Akaacha kupita uani. Akawa anazungukia nyuma kwenye ua wa minyaa, akija kula anachungulia kwanza.

Mimi nilidhani mchezo umeishia hapo. Kumbe ulikuwa unapima kina. Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kuchimba mtaro wa barabara, na wewe hukwenda. Ulikaa kwenye ngazi unakula michembe ya viazi. Nikakukumbusha mchenya, maana nani kwetu asiyejua, asiyekwenda kazi ya mtaa anatozwa: anawalisha nyama na ugali wote waliokwenda, mpaka wafungue mikanda. Ukatafuna kwanza.

"Na mtoto akikosa analipa nani?"

"Baba yake."

"Haya," ukasema, "nenda kamwambie baba."

Baba alichinja mbuzi. Au niseme alitoa mbuzi, maana aliyechinja ni fundi Rashidi, ili kila dini ile. Hiyo nayo uliniambia niitazame vizuri: mtaa mzima unakula kwa kisu cha mpangaji, lakini mpangaji mwenyewe hana pa kukaa. Na ulipoletwa ugali, ukachukua sahani ukajongea. Mzee Maduhu akasema mchenya wanakula waliochimba. Ukamjibu kwamba hujaja kula mchenya, umekuja kwenu, tangu lini mtoto akanyimwa nyama nyumbani kwao.

Jumamosi ya pili mstari mzima wa vyumba ulilala. Ni mimi niliyepeleka neno mlango kwa mlango, na nikawa najidai ni mimi niliyelibuni. Bado najidai, samahani. Wapagazi wakalala, Wachaga wakalala, Mtaturu akalala na fimbo yake. "Msibani hatuchezi," uliwaonya, "akifa mtu nendeni wote. Kwenye mtaro ndipo tutacheza." Wenye nyumba wakachimba peke yao, tumbo mbele, wakarudi wakatozwa mbuzi na watoto wao wakaja kula. Mbuzi wa mtaa wakaanza kujificha. Mzee Maduhu ndiye mwenye vyumba vingi kuliko wote, kwa hiyo alistahimili kwa heshima ya cheo, lakini mkewe alipomuuliza kama hata yule beberu wa mbegu atakwenda, akaitisha mkutano.

"Kuanzia leo," akasema, macho yakiwa ardhini, "kila mwenye jiko lake ni kaya. Leteni vigoda. Na kila kaya ijilipie."

Wapagazi walipiga vigelegele kama wanawake. Mzee akakuomba sasa ulete kigoda cha kweli. Ukaligonga debe kwa kisigino, ukasema hiki kinabeba dagaa, cha kwake kitaweza?

Lakini hukukaa. Wote walidhani umemaliza, ukabaki umesimama. "Na msiba?" ukauliza. "Mpangaji akifa, ndugu zake wako kwao, jirani anaogopa kusema, tutamsubiri nani arudi Mwanza?" Ukawapa utaratibu wako, naukumbuka neno kwa neno, kwa sababu ndio ninaoutumia mpaka leo. Msemaji wa chama asimame mbele ya watu aulize, msiba huu ni wa nani. Atakayejitokeza ndiye mwenye msiba, awe ndugu asiwe ndugu, awe wa kanisani, wa msikitini au wa mizimu ya kwao. Atanyolewa, atakaa mkekani kupokea watu mpaka tanga lianuliwe, na kaburini atamtaja marehemu alikuwa nani kwake. Ndivyo atakavyozikwa, kwa jina hilo.

Wazee wakanong'onezana, wakakubali. Ikabaki msemaji awe nani. Nikachaguliwa bila mpinzani, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuongea.

Na ulifanya kazi, ule utaratibu. Alipofariki mama wa vitunguu niliuliza, na fundi Rashidi akajitokeza na tepu yake ya kupimia shingoni. "Ni dada yangu," akasema. Mwanamke wa kanisani, Mnyiramba, na yeye Mmanyema wa Tabora aliyeswali mara tano. Hakuna aliyecheka. Nilimwona Mzee Maduhu akivua kofia. Wewe kwenye debe lako ulinikonyeza, nikajiona nimeijenga Bariadi kwa mikono yangu.

Sasa nikupe habari.

Bomba lako lipo katikati, pale pale ulipotaka, usawa wa vyumba vya mstari, na foleni yake haijawahi kuwa na amani hata asubuhi moja. Chumba chako amechukua kijana anayeuza kanda za muziki. Analalamika kinanuka dagaa. Nikamwambia ashukuru, wengine wanalipia hoteli za ufukweni Mwanza kwa harufu hiyo hiyo.

Chama kimekua. Kila mwenye jiko ana kigoda, kwa hiyo mstari wa mbele umekuwa mrefu mpaka hakuna tena nyuma. Wote wako mbele, wote wanasema. Ijumaa hatukutani kwa ajili ya msikiti, Jumamosi Wasabato, Jumapili makanisa yaliyobaki, siku ya gulio hakuna mtu, na siku zilizobaki watu wako kazini na wananiuliza kwa nini chama kimelala. Mawakala wa pamba wamepanga nyumba nzima, mkutanoni wanamtuma mpishi wao akalie kigoda, na mpishi naye anapiga kura kwa roho safi. Vijana wenye mshahara hawaji tena na jembe msibani, wanatuma bahasha. Nikiwaambia bahasha haichimbi, wananiambia nimepitwa na wakati, mimi, ambaye bado sijaota ndevu za maana. Na ukisema neno chama siku hizi lazima uapie kwanza kwamba ni cha kuzikana, maana vya siasa navyo vimekuwa vingi, kila kimoja kinataka mtaa wetu ukisemee, na turubai letu wanaliazima wote.

Wananigongea mlango kuliko daktari. Radio ya jirani inapiga kelele, muite Sayi. Mbuzi wa Mtaturu amekula mkeka wa swala, muite Sayi. Zamani nilidhani kuwasemea watu ni kuwa na sauti kubwa. Kumbe ni kwenda kwa huyu kumwambia mwenzake naye ana haki, kisha kwenda kwa mwenzake kumwambia hivyo hivyo, na wote wawili wanakuchukia kwa zamu. Wewe hukuniambia hilo. Au uliniambia nikawa naongea.

Mzee Maduhu anakuja bado, anakaa, anasinzia, akiamka anaunga mkono. Baba pia haachi mkutano. Anakuja na kigoda chake mkono huu, na mkono ule debe lako. Hakuna aliyemtuma. Analipindua mstari wa mbele, sawa na kigoda chake, si nyuma, halafu anakaa na kukunja mikono. Hakuna anayelikalia. Mgeni mmoja alijaribu, baba akamtazama tu.

Msiba wako ulijaa, nataka ujue hilo. Homa ilikuchukua haraka, nilikupeleka hospitali kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na njia nzima ulikuwa unalalamika kwamba mume wako anaendesha kama amebeba matofali. Hiyo ndiyo sauti yako ya mwisho niliyo nayo. Waliochimba kaburi waligombania jembe. Wapagazi walikubeba bila kubadilishana, wakaimba zile nyimbo za yule kijana wa Kigoma. Hata bwana mmoja wa halmashauri alifika, akakaa kwenye kigoda cha mpangaji bila kujua. Mimi nilivaa koti la mtumba na tai. Kila mtu alisema nilipendeza.

Nakuahidi mambo haya. Nitaendelea na usemaji mpaka waniondoe, ingawa hakuna siku nisiyoomba waniondoe. Sitakubali mtu alale mlango umefungwa kwa kukosa wa kumsemea. Bahasha nitapokea, lakini mwenye bahasha atakuja na jembe pia, nitamfuata mpaka kitandani kwake. Na nyama ya mchenya itaendelea kuchinjwa na mtu ambaye kila dini itakula kwa kisu chake, hata kama fundi Rashidi atarudi kwao moja kwa moja. Wabeja, asante sana, Nyangeta. Lala vizuri, mke wangu.

Lori limetokea pale kona, vumbi naliona. Ningeweza kuishia hapa.

Lakini kuna jambo nimelizunguka tangu juu, kama baba alivyokuwa akizungukia minyaa.

Siku yako nilisimama mbele ya watu. Koti limekaa vizuri, tai iko katikati, yule bwana wa halmashauri ananitazama. Nikauliza kwa ile sauti yangu, "Msiba huu ni wa nani?"

Hakuna aliyejitokeza. Fundi Rashidi alikuwa Tabora, angekuwepo asingengoja. Nassa tulituma salamu kwa dereva wa lori la samaki, akarudi akasema kwenu pamehamwa. Nikaona watu wanaanza kunitazama, mmoja mmoja, kisha wote. Nikadhani hawakusikia. Nikauliza tena.

Mtaa mzima ulituita mke na mume tangu nina kamasi. Nilihitaji maneno matatu tu, ni mke wangu, na wangecheka kidogo halafu wangelia, na ungezikwa kwa jina ulilojichagulia mwenyewe. Nilikuwa nayo mdomoni. Siku hizi nayasema hovyo, hata kwa wasioniuliza. Siku ile nikawaza bwana wa halmashauri atanionaje, kijana mwenye tai na mke mzee muuza dagaa. Nikawaza nywele zangu. Nikawaza mzani wa Kasoli, walitaka nianze kazi Jumatatu, na aliye mkekani haendi kazini. Nikayameza yale maneno.

Ndipo baba akainuka kwenye kigoda chake. Akasema maneno aliyokuwa nayo, "Ni mtoto wangu." Akanyolewa yeye. Kaburini akakutaja, Nyangeta, mtoto wa Ngussa, akatupa udongo wa kwanza. Nikangoja uamke kama ulivyoahidi. Hukuamka. Yeye akaenda kukaa mkekani, na mimi Jumatatu nikaja huku.

Njiani kutoka makaburini aliniambia neno moja tu, hata hakugeuka.

"Nilikungoja."

Magoti yake unayajua yalivyo, ilimbidi ashike bega la Mzee Maduhu ndipo ainuke. Mimi nilikuwa nimesimama tayari.